Daktari mwalimu na ngazi zake mbili

Saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, na baridi ya Mbeya haijaachia. Wodi ya wanawake imejaa. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani amesimama kwenye kitanda cha kwanza, na nyuma yake kuna msafara: intani wawili, yaani madaktari walio kwenye mwaka wao wa mafunzo kwa vitendo, wanafunzi wanane wa udaktari waliovaa masweta chini ya makoti meupe, na muuguzi wa zamu anayesukuma toroli la mafaili. Mbele yake kuna wagonjwa 24. Saa nne anatakiwa kliniki, ambako benchi limeshajaa watu waliotoka Chunya, Tunduma na Kyela kwa gari la alfajiri. Mwanafunzi anaanza kueleza historia ya mgonjwa, polepole, macho kwenye karatasi. Daktari anatazama saa.

Katika muda ule mfupi wagonjwa wanatibiwa, intani wanajifunza kuamua, wanafunzi wanajifunza kuona. Anayebeba yote ni mtu mmoja. Nataka kueleza kazi ya mtu huyo imefungamana vipi, kwa sababu watu wengi, hata walio ndani ya hospitali, hawajui nani anaihesabu, nani anamwandaa kuifanya, na inampeleka wapi katika maisha yake ya kazi. Naandika nikiwa ndani yake. Natibu, nafundisha, na kwa miaka mingi sikujua hata pa kuanzia kuuliza.

Fundo la kwanza ni mwajiri. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, tegemeo la mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kuanzia Iringa na Njombe hadi Rukwa na Katavi, iko chini ya Wizara ya Afya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya na sayansi shirikishi hapa hapa Mbeya, na chuo hicho kinawajibika upande wa Wizara ya Elimu. Wanafunzi ni wa chuo, wagonjwa ni wa hospitali, na kitanda ni kimoja. Kwa hiyo ukiingia wodini utakuta madaktari wa aina mbili wakifundisha bega kwa bega. Mmoja ameajiriwa na chuo, anatibu kwa makubaliano na hospitali. Mwingine ameajiriwa na hospitali, anafundisha kwa sababu wanafunzi wako mbele yake. Akibahatika hupewa barua ya kuwa mhadhiri wa heshima, ambayo ni heshima kweli lakini mara nyingi haibadilishi mshahara wala saa zake za kazi.

Kuna na wa aina ya tatu, ambaye hata barua hana. Huyu yuko Vwawa, Tukuyu, Mafinga, au katika hospitali za misheni kama Tosamaganga, Ilembula, Ikonda na Peramiho. Anapokea wanafunzi wa vyuo mbalimbali na vijana walio kazini, anawashika mkono kwenye upasuaji wa kwanza, anawasahihisha dozi usiku, na ukimuuliza kazi yake atakwambia ni daktari tu. Nitamrudia, maana kwa maoni yangu ndiye aliyesahaulika zaidi.

Kila mwajiri ana ngazi yake. Hospitalini unapanda kwa madaraja ya utumishi: daraja la II, la I, mwandamizi, mkuu. Kinachoangaliwa ni huduma, nidhamu na miaka. Chuoni unapanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, na huko kinachovuta mzani ni maandiko ya utafiti yaliyochapishwa kwenye majarida yanayotambulika. Kufundisha kunatajwa kwenye ngazi zote mbili. Chuoni mwanafunzi hata hujaza karatasi ya kumtathmini mwalimu. Lakini kufundisha kunatazamwa kama ada ya mlangoni: usipolipa huingii, ukilipa mara kumi hupewi kiti cha mbele.

Nililijua hilo kwa maumivu. Mahali nilipokuwa wakati huo niliomba kupandishwa, na katika maelezo yangu nikaandika kwa fahari raundi nilizoongoza, yaani mizunguko ya kuona wagonjwa kitanda hadi kitanda, wanafunzi niliowasimamia, mitihani niliyotunga. Mjumbe mmoja wa kikao akafunga faili, akaniambia kwa upole kabisa: "Haya ndiyo majukumu yako, dokta. Sasa kazi yako iko wapi?" Nilitoka nimeduwaa. Kaka mmoja aliyenitangulia kwa miaka mingi alinikuta kwenye korido, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, ulichowapelekea ni hesabu ya saa ulizosimama. Hukuwaonyesha mwanafunzi aliingia akiwa hajui nini na akatoka anaweza nini." Maneno yale yalinichoma, ila yalikuwa na dawa ndani yake, na nitaieleza baadaye.

Watu husema mshika mawili moja humponyoka, na madaktari waalimu huambiwa hivyo kila wanapolalamika. Mimi naona methali hiyo haituhusu. Kutibu na kufundisha kando ya kitanda ni kapu moja lenye mikono miwili. Anayekubebesha kapu kwa mkono mmoja ndiye anayefanya liegemee upande.

Mjadala huu si wetu peke yetu, na si wa jana. William Osler, daktari aliyeongoza tiba katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, kuanzia 1889 hadi alipohamia Oxford 1905, ndiye aliyewatoa wanafunzi kwenye ukumbi wa mihadhara akawapeleka wodini kama sehemu ya kawaida ya masomo yao. Alisema hataki jambo jingine liandikwe kwenye kaburi lake zaidi ya kwamba alifundisha wanafunzi wa tiba mawodini. Pamoja na sifa hiyo, karne iliyofuata vyuo vikuu vilizidi kupima watu kwa utafiti. Mwaka 1990 Ernest Boyer, msomi wa elimu wa Marekani, alitoa hoja iliyotikisa mambo: usomi una sura nne, si moja. Kuna kugundua jambo jipya, kuunganisha yaliyogunduliwa, kuyatumia kutatua shida, na kufundisha. Kwa hoja hiyo, anayebuni njia bora ya kufundisha, akaipima, akaiandika ili wengine waikosoe na kuitumia, amefanya kazi ya kisomi sawa na aliyepima dawa. Vyuo kadhaa vya tiba vya Marekani vikaweka njia ya pekee ya kupanda cheo kwa daktari ambaye nguvu yake kubwa iko kwenye kufundisha. Kwetu, kwa niliyoyaona, ngazi ya chuo imebaki ile ile na kila mtu hupimwa kwa kijiko kimoja.

Fundo la pili ni ufundi wenyewe. Daktari husoma miaka mitano ya shahada ya kwanza, mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kisha mitatu au zaidi ya ubingwa. Katika yote hayo, wengi wetu hatukupewa hata wiki moja ya kujifunza kufundisha. Siku ya kwanza unarudi bingwa, siku ya pili una wanafunzi. Unafanya nini? Unafanya ulivyofanyiwa. Mwana hutazama kisogo cha nina, na kisogo tulichokitazama wengi wetu kilikuwa cha mwalimu mkali aliyeamini kwamba aibu hukaza kumbukumbu.

Mimi nilikuwa hivyo. Nilimuuliza mwanafunzi mmoja kiwango cha potasiamu cha mgonjwa wake, akawa hajui, nikamsema mbele ya wenzake kwa maneno ambayo leo siwezi kuyaandika. Raundi ilipopita, bibi aliyelazwa kitanda cha jirani, mtu wa Rungwe, akaniita kwa mkono. Nilidhani anahitaji dawa ya maumivu. Akaniambia, "Dokta, mtoto yule ndiye aliyenifunika blanketi usiku. Alikuja mara mbili." Akanyamaza. Sikuwa na la kumjibu. Wiki zilizofuata niligundua jambo baya zaidi: yule kijana na wenzake walianza kunificha wasichokijua. Walitaja namba kwa sauti ya uhakika, nikifungua faili nakuta kipimo hakijafika. Mwanafunzi aliyetishwa hasemi "sijui", na katika kazi yetu "sijui" iliyofichwa ni hatari kwa mgonjwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kumwandaa daktari kufundisha ni suala la usalama wa wagonjwa kabla ya kuwa suala la vyeo.

Habari njema ni kwamba ufundi huu una mbinu, na mbinu zake hazihitaji projekta wala bajeti. Ninayoipenda kuliko zote ilichapishwa 1992 na madaktari wa familia wa Marekani, ina hatua tano na hutoshea ndani ya dakika chache. Chukua mfano huu. Mgonjwa ni wa kutunga, lakini kila anayefanya kazi wodini ameshakutana naye. Mama wa miaka 28 kutoka Mbarali, amejifungua wiki sita zilizopita. Anakohoa, anahema, usiku analala ameegemea mito mitatu. Mwanafunzi anamaliza maelezo na kumtazama daktari, akingoja jibu.

"Wewe unadhani ana nini?"

"Nimonia, dokta."

"Nini kimekupeleka huko?"

"Anakohoa, na nimesikia mikwaruzo chini ya mapafu, pande zote mbili."

"Joto lake?"

"36.7."

"Hana homa, mikwaruzo pande mbili, hawezi kulala chali. Miguu uliiangalia?"

"Imevimba." Kimya kidogo. "Au ni moyo?"

Hapo ndipo daktari anampa kanuni moja, moja tu: mama aliye mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, akishindwa kupumua akilala chali, fikiria moyo uliodhoofika na uombe eko, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Kisha anataja alichofanya vizuri, kwa jina lake: "Umehesabu pumzi dakika nzima, hukukisia. Endelea hivyo." Mwisho anasahihisha: "Shingo hukuitazama." Anamgeukia mgonjwa: "Mama, tunaomba tukuangalie shingo kidogo." Kitanda kinainuliwa nyuzi 45, uso unageuzwa kidogo kushoto, na wote wanainama kuutazama mshipa uliojaa, dalili ya moyo uliozidiwa.

Angalia kilichotokea. Daktari hakutoa mhadhara. Alimlazimisha mwanafunzi aamue, akauliza sababu, akafundisha jambo la jumla, akasifu jambo mahususi, akarekebisha. Kosa la mwanafunzi lilitumika kama ngazi ya kumpandisha. Na mgonjwa alipata uchunguzi bora kuliko ambao angeupata kama daktari angepita haraka. Mimi nilijifunza hatua hizi nikiwa nimeshafundisha miaka sita. Najiuliza ni wanafunzi wangapi walipita mikononi mwangu kabla ya hapo.

Jambo jingine linaloongeza uzito wa kazi hii ni mtaala. Zamani mtihani wa tiba ulipima zaidi unachokijua. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo: mwanafunzi anapita kituo hadi kituo, hapa anapima presha, pale anazungumza na mgonjwa, na kila mtahini anajaza orodha ile ile. Mwaka 1990 George Miller akachora piramidi yake maarufu: chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, juu yake anaonyesha, na kileleni anatenda kweli kazini. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilianza mitaala inayojenga umahiri 2011, na mwelekeo huo umeenea kwenye vyuo vingine vya tiba nchini.

Mimi ni muumini wa mtaala wa umahiri. Lakini una gharama ambayo haikuandikwa ukurasa wa kwanza: umahiri haupimwi kwa mbali. Ili niseme kijana huyu anaweza kutoa maji kwenye kifua, lazima nimwone akitoa, si mara moja, na nimwambie papo hapo alichokosea. Maana yake daktari mwalimu anahitaji saa nyingi zaidi za kutazama kuliko mwalimu wake alivyohitaji, na wanafunzi wameongezeka wakati vitanda na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mtaala umebadilika, ratiba ya daktari imebaki ya zamani. Usipoongeza saa, mwalimu mwenye mtaala mpya atajaza fomu za umahiri kwa kukumbuka, jioni, akiwa amechoka.

Basi msaada uko wapi?

Upo, ingawa umetawanyika. Kwa wapasuaji kuna chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kama COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha. Ni chuo kisicho na kuta: mwanafunzi wa ubingwa anabaki kwenye hospitali yake na bingwa aliye pale ndiye mwalimu wake. Kwa muda mrefu kimeshirikiana na chuo cha kifalme cha wapasuaji cha Ireland, na moja ya matunda ni kozi za kuwafundisha wapasuaji namna ya kufundisha. Upande wa magonjwa ya ndani kuna ECSACOP, chuo cha madaktari wa ukanda huo huo, kilichozinduliwa 2015 kwa mtindo huo huo. Kwa anayetaka kuzama kwenye elimu ya tiba yenyewe, kuna SAFRI, programu ya miaka miwili ya kuwajenga walimu wa fani za afya Afrika kusini mwa Sahara, tawi la wazo lililoanzia FAIMER, taasisi iliyoanzishwa Philadelphia 2000. Ninachokipenda kwake ni kwamba kila mshiriki hubeba mradi wa chuo chake mwenyewe. Hujifunzi kwa mifano ya watu, unajifunza kwa kutengeneza kinachovuja nyumbani. Na wapo wanaosoma shahada ya uzamili ya elimu ya fani za afya katika chuo cha Maastricht, Uholanzi, sehemu kubwa wakiwa makwao.

Sasa tazama ramani. Mtu wa Sumbawanga au Makete anafikaje? Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Semina ya siku mbili Dar inakula siku nne za wodi, na wodi haina mtu wa akiba. Kwa hiyo wanaopata mafunzo ya kufundisha ni wale walio karibu na vyuo vikubwa, na wanaofundisha kwenye mazingira magumu zaidi ndio wanaokosa. Semina zenyewe nazo, nitasema wazi, zina kikomo. Unarudi na cheti na mkoba, wiki ya pili umezama kwenye foleni ya kliniki na umerudia mazoea yako. Kinachobadilisha mwalimu ni mwenzake anayekuja kumtazama akifundisha, kisha wakakaa dakika kumi na chai, akamwambia: uliuliza maswali tisa, saba uliyajibu mwenyewe. Nimefanyiwa hivyo. Hakuna semina iliyonisaidia kiasi hicho, na gharama yake ilikuwa chai na maandazi.

Hapa niseme juu ya ulezi, maana neno hili linatumika ovyo. Kumpa daktari kijana jina la mkubwa fulani kwenye karatasi na kusema "huyu ni mlezi wako" hakumlei. Daktari mwalimu anahitaji watu tofauti kwa mahitaji tofauti. Yupo wa kumsahihisha ufundi wake wa kufundisha, ambaye anaweza kuwa rika lake. Yupo wa kumwonyesha njia ya kuandika na kuchapisha, na Mbeya tuna bahati ya kuwa na kituo cha utafiti cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambako ushirikiano na chuo kikuu cha Munich, Ujerumani, umewapa vijana wengi mahali pa kujifunza utafiti. Na yupo wa tatu, ambaye watu hawamtaji: mtu anayeingia kwenye vikao usivyoingia wewe, na nafasi inapotangazwa anasema jina lako. Bila huyo wa tatu unaweza kuwa hodari miaka kumi na usijulikane ng'ambo ya korido yako. Ukiwa mwanamke ndiyo zaidi, kwa sababu miaka ya ubingwa na ya kujenga jina huangukia miaka ile ile ya kuzaa na kulea, na vikao vingi vya maana huitwa jioni, wakati mtoto anangoja nyumbani.

Dawa ya yule kaka wa kwenye korido ilikuwa jalada la ufundishaji. Ni faili la kawaida, la karatasi au la kwenye kompyuta, linalothibitisha kazi ambayo vinginevyo hupotea hewani. Watu hulijaza kwa kukusanya vyeti. Hayo ni maganda. Kiini chake ni ushahidi wa mabadiliko. Ulifundisha nini, kwa nani, wakawa na uwezo gani kabla, na baada? Wanafunzi walikuambia nini, na wewe ukabadilisha nini kwa sababu hiyo? Mwenzako aliyekutazama aliandika nini? Ukiwa na miaka miwili ya jalada la namna hiyo, unaweza kukaa mbele ya kikao chochote bila kutegemea huruma.

Na jalada hufungua mlango wa pili, ule wa maandiko, ambao wengi huuona umefungwa kwao. Tuseme umeona intani wanakosea kujaza karatasi za dawa: dozi haina kipimo, saa haijaandikwa. Unaamua kuwafundisha dakika kumi kila Jumatatu kwa miezi mitatu. Ukikagua karatasi za mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada, ukiwa umeomba kibali cha maadili mapema, tayari una swali, una njia, una matokeo. Hiyo ni kazi inayoweza kusimama kwenye mkutano wa kitaaluma, na ikikomaa, kwenye jarida. Wagonjwa wamepata dozi sahihi, intani wamejifunza, na ngazi ya chuo imepata inachokitaka. Daktari anayelalamika kwamba hana muda wa utafiti kwa sababu anafundisha, mara nyingi amekalia utafiti wake. Nasema hivyo kwa upendo, kwa kuwa nilikalia wangu miaka sita.

Ila si haki kumwachia daktari peke yake mzigo huu. Mganga mfawidhi na mkuu wa idara wana uwezo wa kufanya mambo ambayo hayasubiri bajeti ya wizara. La kwanza ni kutenganisha raundi ya kazi na raundi ya kufundisha. Siku nne za wiki pita wagonjwa wote haraka, fanya maamuzi, ruhusu wanaoruhusika. Siku moja chagua vitanda vitatu tu, kaa navyo saa nzima, wengine waangaliwe na mwenzako. Msongamano hauongezeki, na mwanafunzi anapata anachoweza kubeba. La pili ni kuiandika saa hiyo kwenye ratiba ya idara kama zamu inavyoandikwa, ili asipangiwe kliniki juu yake. Kisichokuwa kwenye ratiba huliwa na kilichopo. La tatu ni barua. Barua fupi kila mwaka kutoka chuo kwenda kwa mwajiri wa hospitali, ikitaja jina la daktari, wanafunzi aliowapokea na wiki alizowasimamia. Daktari ataiingiza kwenye malengo yake ya utumishi, na kufundisha kutaanza kuwa na mahali pa kukaa kwenye ngazi ya hospitali.

Barua hiyo ina maana kubwa kuliko zote kwa yule wa aina ya tatu, wa Vwawa na Ilembula. Tangu 2024 kampeni ya madaktari bingwa wa Rais Samia imekuwa ikipeleka mabingwa kwenye hospitali za halmashauri, na pamoja na kutibu, hukaa na madaktari wa pale na kuwaongezea ujuzi. Ni jambo jema, na wanaokuja wanajitoa. Lakini wiki ile ikiisha, anayebaki na intani usiku wa saa nane, mvua ikinyesha na umeme umekatika, ni yule yule daktari wa pale. Mgeni anayepita angeweza kumpa zawadi kubwa zaidi kama angetenga nusu siku kumfundisha yeye namna ya kufundisha, kisha akaendelea kuongea naye kwa simu mara moja kwa mwezi. Makundi ya simu ya madaktari tayari yapo na yanasaidia. Ila picha ya mgonjwa isiwekwe humo bila ridhaa yake, na jina lake lisionekane kamwe.

Nikienda hospitali za namna hiyo huwa naulizwa mtu aanze na nini, kama hana chuo, hana mlezi, hana intaneti ya uhakika. Namwambia anunue daftari la kurasa 96, na kila Ijumaa aandike mistari minne: tarehe, nani, nini, na kilichobadilika. Daktari mmoja wa wilayani alinionyesha lake baada ya miezi michache. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya bluu, ulikuwa na maneno haya: wodi ya wanawake, intani mmoja, kutafuta mshipa wa shingo. Mara ya kwanza nilimwonyesha. Mara ya pili nilimshika mkono. Mara ya tatu nilisimama mlangoni.